Mtoto huitwa mtu mzima, mtu mzima huitwa boi: hali ya wanaume na wavulana weusi wa Marekani

#1 Mwanzisha uzi (Columbus, Ohio)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimeusoma kwa makini uzi wa wiki iliyopita kuhusu Wamarekani weusi, nikaona wachangiaji wengi, wakiwemo watu ninaowaheshimu kwa hoja zao, wakikubaliana kwamba wanaume weusi wa nchi hii wamejitakia wenyewe: wana shule za bure, wana haki ya kupiga kura, wamewahi kutoa rais, na bado magereza yamejaa wao. Sikujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na uchungu. Leo ni siku yangu ya mapumziko kazini, nimetulia, nami naomba nieleze ninayoyajua baada ya kuishi hapa miaka 17 na kulea mtoto wa kiume aliyezaliwa hapa.

Nianze na huyo mtoto. Alipokuwa na miaka tisa, yeye na mwenzake walisukumana kwenye foleni ya chakula mpaka sinia moja likaanguka. Niliitwa shuleni, nikakalishwa kwenye kiti kifupi cha wanafunzi, nikapewa fomu ya kutia sahihi. Palipoandikwa aina ya kosa paliandikwa kwamba mtoto alionyesha tabia ya kutisha, na chini yake mtu akaongeza kwa kalamu kwamba mwanafunzi ana mwili mkubwa. Alisimamishwa masomo siku mbili. Siku chache baadaye, kwenye maegesho ya magari, mama wa yule mtoto mwingine, ambaye ni mzungu, aliniambia kwa aibu kwamba wao walipigiwa simu tu kuelezwa kuwa watoto walikuwa wanacheza. Usiku ule mwanangu aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mama, kwani mimi natisha?" Mpaka leo sijapata jibu lililoniridhisha.

Ningeweza kulichukua jambo lile kama bahati mbaya ya shule moja kama takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani zisingekuwapo. Katika mwaka wa masomo wa 2011/12, watoto weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wote wa chekechea za umma, lakini miongoni mwa waliosimamishwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 48. Chekechea, ndugu zangu, ni mtoto wa miaka minne. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Phillip Atiba Goff na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha za wavulana, wakaambiwa kosa ambalo kila mvulana anashukiwa kulitenda, kisha wakaombwa kukadiria umri wake. Pale kosa lilipotajwa kuwa kubwa, wavulana weusi waliongezewa zaidi ya miaka minne juu ya umri wao halisi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 machoni pa mtu wa namna hiyo anakaribia miaka 17, na mtu wa miaka 17 hasamehewi utoto.

Mwaka huohuo, tarehe 22 Novemba, huko Cleveland, mwendo wa saa mbili na kidogo kwa gari kutoka ninapoishi, Tamir Rice alikuwa akicheza na bastola ya bandia katika bustani ya umma. Alikuwa na miaka 12. Mtu aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda ni mtoto na huenda silaha si ya kweli, lakini maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lilipofika, hazikupita sekunde mbili mtoto akawa amepigwa risasi. Kwenye redio askari waliripoti kwamba mwanamume mweusi amepigwa, umri labda miaka 20. Hakuna askari aliyeshtakiwa.

Sasa tutazame upande wa pili, kwa sababu huyuhuyu anayehesabiwa mtu mzima akiwa na miaka 12, akifikisha 40 hunyimwa utu uzima wake. Wazee wetu wanalikumbuka neno boi, yaani mvulana kwa Kiingereza, ambalo mkoloni alimwitia mpishi au mtumishi wake hata kama mtumishi huyo alikuwa na wajukuu. Neno hilohilo ndilo lililotumika kusini mwa Marekani kwa mwanamume mweusi wa umri wowote. Tarehe 1 Februari 1968, katika jiji la Memphis, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari lao la taka. Mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha kwa hitilafu, ukawasaga. Wenzao wapatao 1,300 waligoma, na katika maandamano yao walibeba mabango yenye ujumbe mmoja: MIMI NI MWANAMUME. Walidai pia mshahara na usalama kazini, lakini kilichoandikwa kwenye bango kilikuwa hicho. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na akauawa hukohuko Memphis tarehe 4 Aprili.

Mambo haya mawili ni kitu kimoja, na ndiyo hoja yangu katika uzi huu. Mwanamume mweusi wa Marekani ameporwa umri wake kwa pande zote mbili, na hasara nyingine nyingi, za shule, kazi, jela na afya, zinapitia katika tundu hilo.

Wengi mtasema shida ni umaskini tu. Mwaka 2018 wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren, Maggie Jones na Sonya Porter walitoa utafiti uliofuatilia kumbukumbu za watoto karibu milioni 20 wa Marekani hadi walipokuwa watu wazima. Waliwalinganisha wavulana weusi na wazungu waliolelewa katika mtaa mmoja, wazazi wao wakiwa na kipato sawa, na katika asilimia 99 ya mitaa ya nchi nzima yule mweusi aliishia na kipato cha chini. Kwa wasichana haikuwa hivyo: binti mweusi na binti mzungu wa wazazi wenye kipato sawa walipata takriban sawa. Kama tatizo lingekuwa malezi, au akili, au uvivu wa kabila zima, lingewapata dada na kaka wa nyumba moja kwa pamoja. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mwanamume mweusi aliyelelewa na wazazi walio katika asilimia moja ya matajiri wa juu kabisa ana uwezekano wa kuwa jela sawa na mzungu wa familia yenye kipato cha dola 36,000 hivi kwa mwaka. Fedha ya baba haikumkinga.

Umaskini wenyewe nao una historia, na nitaipita haraka. Marekebisho ya 13 ya katiba, mwaka 1865, yalifuta utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa. Majimbo ya kusini yakatunga sheria za uzururaji, mtu mweusi asiye na mkataba wa kazi akakamatwa, kisha akakodishwa kwa mashamba na migodi. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali zilipaka rangi nyekundu mitaa ya weusi kuwa mahali pa hatari kukopesha, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari waliporudi na kuahidiwa mikopo ya nyumba, biashara na mashamba yenye dhamana ya serikali, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi iliyochunguzwa mwaka 1947 mikopo zaidi ya 3,000 ilitolewa na miwili tu ndiyo iliyowafikia weusi. Nyumba ndiyo urithi wa familia ya kawaida hapa. Aliyenyimwa nyumba mwaka 1947 hakumwachia mjukuu wake kitu.

Kisha ikaja sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1986. Mtu aliyekamatwa na gramu 5 za kokeini ya vipande inayovutwa kama moshi (crack), iliyouzwa zaidi katika mitaa ya weusi, alipata kifungo cha lazima cha miaka mitano. Mwenye kokeini ya unga alipaswa kukutwa na gramu 500 ndipo apate kifungo hichohicho. Uwiano huo wa mia kwa moja ulidumu mpaka mwaka 2010, ulipopunguzwa kuwa 18 kwa moja. Haukufutwa.

Na nisimsahau Kalief Browder wa Bronx, jijini New York, aliyekamatwa mwaka 2010 akiwa na miaka 16 akituhumiwa kuiba begi la mgongoni. Familia yake haikuweza kupata dhamana ya dola 3,000. Alikaa miaka mitatu katika jela ya Rikers Island, takriban miwili kati ya hiyo akiwa amefungiwa peke yake, bila kesi kusikilizwa, hadi mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015, akiwa na miaka 22, alijiua nyumbani kwao. Wakati alipokamatwa, sheria ya jimbo la New York ilimhesabu mtoto wa miaka 16 kuwa mtu mzima mbele ya mahakama ya jinai. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2017.

Karibuni tujadili. Naomba hoja, na naomba tusitukane watu.

#2 Mchangiaji (Dar es Salaam)

Dada yangu, pole kwa yaliyomkuta mtoto, na ahsante kwa kuandika kwa utulivu. Hata hivyo bado nina maswali mawili ambayo uzi wako haujayagusa. La kwanza, ndugu zetu kutoka Tanzania, Kenya, Ghana na Nigeria wanafika huko wakiwa na ngozi ileile, wanaanza kwa kazi za chini, na baada ya miaka kumi wana nyumba na watoto wao wako vyuo vikuu. Kwa nini wao waweze? La pili ni suala la akina baba. Tunasikia kwamba watoto wengi weusi wa Marekani wanalelewa na mama peke yake. Hilo nalo tumlaumu mzungu?

#3 Mwanzisha uzi

Kaka, maswali yako ni ya haki.

Sisi tuliofika hapa kwa viza tulichujwa kabla ya kupanda ndege. Mimi nilikuja na shahada, na ofisa wa ubalozi aliangalia vyeti vyangu na akaunti ya benki ya mjomba aliyenidhamini. Ukimchukua aliyeshinda mchujo kutoka bara moja ukamlinganisha na watu wote wa mtaa mmoja wa Baltimore, wakiwemo wagonjwa wao na wazee wao, hujafanya ulinganisho. Halafu jiulize sheria iliyotufungulia mlango, ile ya uhamiaji ya mwaka 1965, ilipatikana vipi kama si ndani ya vuguvugu lilelile la haki za raia, ambalo hawa tunaowaita wavivu walipigwa marungu na kung'atwa na mbwa kwa ajili yake. Tunalala katika nyumba waliyoijenga wao, kisha tunawasema.

Na uhamiaji wenyewe haukukingi. Amadou Diallo alikuwa kijana wa Guinea mwenye miaka 23, akichuuza bidhaa ndogondogo barabarani New York. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, mlangoni mwa jengo alilokuwa akiishi Bronx, alitoa pochi mfukoni, askari wanne wakafyatua risasi 41. Hawakumuuliza anatoka nchi gani. Mwanangu akipita barabarani na kofia ya sweta yake, hapajaandikwa mgongoni kwake kwamba mama yake ni Mtanzania.

Kuhusu akina baba, nitakubali kinachostahili kukubaliwa: watoto wengi weusi hapa hawaishi na baba zao, na jambo hilo linaumiza. Lakini tusichanganye kutoishi nyumba moja na kutokulea. Kituo cha taifa cha takwimu za afya kilichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa namna akina baba wanavyoshughulika na watoto wao, na kwa baba wanaoishi na watoto wadogo, asilimia 70 ya weusi waliwaogesha, kuwavisha au kuwabadilisha nepi kila siku, wazungu wakiwa asilimia 60. Baba mweusi aliyepo, yupo kwelikweli.

Na wasiokuwapo wako wapi? Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifanya hesabu nyepesi ya sensa: kwa kila wanawake weusi 100 wa umri wa miaka 25 hadi 54 walio nje ya jela, kulikuwa na wanaume weusi 83. Hao 17 waliopungua wengi wao ama wako gerezani ama wamekufa mapema. Kule Ferguson, Missouri, walikuwa wanaume 60 kwa wanawake 100. Huwezi kuwaondoa mtaani wanaume wanne kati ya kila kumi kisha ukawauliza wanawake waliobaki kwa nini hawaolewi.

Jambo moja katika ule utafiti wa Chetty lilinigusa kuliko yote. Katika mitaa michache ambako wavulana weusi walifanikiwa, kulikuwa na akina baba weusi wengi waliokuwa wakiishi na familia zao, na kuwapo kwao kuliwafaa hata wavulana ambao nyumbani kwao hapakuwa na baba. Sisi tunalielewa hilo kuliko Wamarekani. Tumekua tukichapwa au kutumwa dukani na baba wa jirani, na tulipokosea njiani habari ilifika nyumbani kabla yetu.

Nimalizie na kazi, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mtu kuwa baba. Mtafiti Devah Pager aliwatuma vijana kuomba kazi za kawaida Milwaukee, wakiwa na sifa zilizolinganishwa, akachapisha matokeo mwaka 2003. Mzungu asiye na rekodi ya jela aliitwa tena na waajiri asilimia 34, mzungu mwenye rekodi asilimia 17, mweusi asiye na rekodi yoyote asilimia 14, na mweusi mwenye rekodi asilimia 5. Rudia kusoma: mweusi asiye na kosa aliitwa mara chache kuliko mzungu aliyetoka jela. Mwaka uliofuata wachumi wawili walichapisha jaribio la wasifu karibu 5,000 uliotumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, na wenye majina ya kizungu walipata miito ya usaili kwa asilimia 50 zaidi. Mojawapo ya majina yaliyohesabiwa kuwa ya kiweusi lilikuwa Jamal. Ni akina Jamal wangapi tunawajua sisi kuanzia Tanga hadi Lamu?

#4 Mchangiaji (Nakuru)

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na nafundisha wavulana peke yao, kwa hiyo nasoma uzi huu nikiwa na sababu zangu. Tumeelezwa vizuri ugonjwa. Je, kuna mahali popote ambapo dawa imejaribiwa ikaonekana kufanya kazi? Najua rais Obama alianzisha mpango wake baada ya kuuawa kwa yule kijana wa Florida, lakini sijui kama ulizaa kitu.

#5 Mwanzisha uzi

Mwalimu, karibu sana. Kijana huyo ni Trayvon Martin, miaka 17, aliyeuawa Sanford, Florida, tarehe 26 Februari 2012 na raia aliyekuwa akijipa ulinzi wa mtaa, ambaye mwaka uliofuata mahakama ilimwachia huru. Obama alizindua mpango wa My Brother's Keeper, wa kuwainua wavulana weusi na wa jamii nyingine zisizo za kizungu, tarehe 27 Februari 2014, miaka miwili na siku moja baadaye. Mpango wenyewe haukuwa na sheria nyuma yake wala fungu kubwa la serikali. Ulikusanya fedha za wahisani na kuzihimiza halmashauri zijiwekee malengo. Thamani yake, kwa maoni yangu, ni kwamba uliyapa nguvu mambo yaliyokuwa yamekwishaanzishwa na watu wa chini, nami nitakueleza mawili matatu kwa kirefu kwa sababu yanafundisha.

La kwanza liko Chicago na lilianzishwa mwaka 2001 na mshauri wa wanafunzi. Linaitwa Becoming a Man, na wavulana hukutana shuleni mara moja kwa wiki wakiwa wamekaa duara na mtu mzima mmoja. Zoezi la mwanzo ni hili. Wavulana wanagawanywa wawili wawili, mmoja anapewa mpira aufumbate mkononi, mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 kuutoa. Chumba kizima kinageuka kuwa mieleka: watu wanavuta vidole, wanaangushana sakafuni. Muda ukiisha, mwalimu anawauliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyemwomba mwenzake mpira. Wavulana hujibu kwamba asingenipa, au angeniona dhaifu. Ndipo aliyeushika anaulizwa kama angeombwa angefanyaje, na jibu huwa kwamba angeutoa tu, mpira wenyewe una maana gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walifanya majaribio mawili ya kuchagua kwa bahati nasibu nani aingie na nani asiingie, na kukamatwa kwa makosa ya vurugu kulipungua kwa takriban asilimia 45 hadi 50 wakati vijana wakiwa ndani ya programu, na waliomaliza shule wakaongezeka. Baada ya programu kuisha, upungufu ule wa kukamatwa ulififia. Nalisema hili wazi kwa sababu wafadhili hupenda kulificha: kijana anahitaji mtu mzima anayeendelea kuwapo, mwaka baada ya mwaka.

La pili linakuhusu wewe moja kwa moja. Utafiti uliofanywa kwa kumbukumbu za wanafunzi wa North Carolina na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mvulana mweusi wa familia maskini aliyepata angalau mwalimu mmoja mweusi kati ya darasa la tatu na la tano alipungukiwa uwezekano wa kuacha shule kwa asilimia 39. Mwalimu mmoja tu. Hawa walimu wamekuwa adimu kwa sababu inayouma: baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku shule za kibaguzi, wazungu wa kusini walifunga shule za weusi badala ya kuunganisha kwa usawa, na takriban walimu na wakuu wa shule weusi 38,000 walipoteza kazi ndani ya miaka kumi hivi. Hukumu tuliyofundishwa kuisherehekea ilitekelezwa na watu walioipinga. Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, kina programu tangu mwaka 2000 ya kuwasomesha ualimu vijana weusi ili warudi kufundisha shule za msingi.

La tatu ni la afya, na ndilo nilipendalo zaidi kwa sababu mimi mwenyewe nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Wanaume weusi hapa wanakufa sana kwa shinikizo la damu lisilotibiwa, na wengi hawaendi kwa daktari. Wana sababu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana, ili kuona ugonjwa utawafikisha wapi. Serikali iliomba radhi mwaka 1997. Basi daktari Ronald Victor wa Los Angeles akaamua kwamba kama mwanamume mweusi haji hospitali, hospitali imfuate kwa kinyozi. Walichukua saluni 52 na wateja 319. Katika kundi moja la saluni, kinyozi aliwahimiza wateja wake waende kwa daktari. Katika kundi jingine, mfamasia alikuja palepale saluni, akawapima, akawaandikia dawa kwa makubaliano na madaktari wao. Baada ya miezi sita, kipimo cha juu cha shinikizo kilikuwa kimeshuka kwa alama 27 kwa waliomwona mfamasia, na alama 9 kwa wengine. Karibu wawili kati ya kila watatu wa kundi la mfamasia walifika kwenye kiwango salama, wakati wa kundi lililohimizwa tu walikuwa mmoja kati ya tisa hivi. Dawa ni zilezile zilizokuwa zikiuzwa duka la dawa la jirani. Kilichobadilika ni nani anayeitoa, na mtu amekaa kwenye kiti cha nani.

Na si kila nia njema hufaa. Miji na majimbo mengi yalipiga marufuku kile kisanduku kwenye fomu ya kazi kinachouliza kama umewahi kutiwa hatiani. Watafiti wawili wakatuma maombi karibu 15,000 New Jersey na New York, kabla na baada ya sheria. Kabla, waombaji wazungu waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya weusi. Baada ya kisanduku kuondolewa, pengo likawa asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa taarifa aliangalia jina, akaamua kwamba kila kijana mweusi ametoka jela. Sisemi kisanduku kirudishwe. Nasema sheria iliyoficha rekodi bila kugusa hofu ya mwajiri iliiacha hofu ile ifanye kazi yake gizani.

#6 Mchangiaji (Mombasa)

Naomba niulize kwa heshima. Katika haya yote mabinti wako wapi? Isije ikawa tunasikitikia wavulana huku dada zao wakiachwa wajitafutie.

#7 Mwanzisha uzi

Umenena, na hauko peke yako. Mpango wa Obama ulipotoka, mwanasheria Kimberlé Crenshaw na zaidi ya wanawake elfu moja waliandika barua kuomba wasichana wajumuishwe, na walikuwa na haki. Mwanamke mweusi hapa anakabiliwa na hatari ya kufa kwa uzazi takriban mara tatu ya mzungu. Hata ule usawa wa kipato nilioutaja kati ya mabinti unadanganya kidogo, kwa kuwa mzungu anarudi nyumbani kwa mume mwenye mshahara na mweusi mara nyingi anabeba nyumba peke yake. Kumnyanyua kaka bila dada ni kosa. Uzi huu nimeuelekeza kwa wavulana kwa sababu ndio waliohukumiwa katika uzi wa wiki iliyopita.

#8 Mchangiaji (Same, Kilimanjaro)

Shikamoo mama. Baba yangu alisoma hapa Same miaka ya sabini, na alizoea kutusimulia habari za mwalimu wa hisabati, Mmarekani mweusi mpole aliyesema kwa sauti ndogo. Je, inawezekana ndiye yule mtu maarufu? Na kama si vibaya kuuliza, mwanao sasa anaendeleaje?

#9 Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Kama ni miaka ya sabini na alisema kwa sauti ndogo, yumkini alikuwa Bob Moses, na baba yako amekaa darasani kwa mtu mkubwa. Alizaliwa Harlem mwaka 1935, akaenda Mississippi kuandikisha weusi wapige kura wakati ambapo jambo hilo liliweza kukugharimu maisha, na alipigwa na kufungwa. Aliondoka Marekani alipotakiwa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na kuanzia 1969 hadi 1976 alifundisha hisabati nchini kwetu, huko Same. Alirudi Marekani na familia, akaingia darasani kwa binti yake huko Cambridge, Massachusetts, ili amfundishe aljebra pamoja na wenzake wachache, na mwaka 1982 akaanzisha Algebra Project. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mweusi asiyefika kwenye aljebra mapema amefungiwa nje ya uchumi wa leo kama babu yake alivyofungiwa nje ya sanduku la kura.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya kutembea. Watoto waliokwama kwenye namba hasi aliwapandisha treni ya chini ya ardhi ya Boston. Kituo kimoja kilikuwa sifuri, vituo vya upande huu vikawa chanya na vya upande ule vikawa hasi. Wakirudi darasani walichora safari yao, wakaisimulia kwa maneno yao wenyewe, na mwisho kabisa ndipo wakaiandika kwa alama za hisabati. Alifariki Julai 2021.

Kuhusu mwanangu, ana miaka 12 sasa na ananipita kwa kimo. Nimeshamfundisha yale ambayo kila mama wa hapa humfundisha mwana wa namna yake: askari akikusimamisha, mikono ionekane, jibu taratibu, usikimbie, usiingize mkono mfukoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Kila Jumamosi ya pili nampeleka kwa kinyozi, mzee wa Kimarekani mweusi aliyekuja Ohio kutoka Alabama akiwa mdogo. Ukutani ameweka rafu ya vitabu vya watoto, na mvulana anayesubiri zamu husoma kwa sauti huku wazee wakimsahihisha bila kuacha dama zao. Watoto wadogo anawawekea ubao juu ya mikono ya kiti ili wafikie mkasi. Mwezi uliopita mwanangu aliingia, akauangalia ule ubao, akaona haya kwa urefu wake, akasimama pale katikati bila kujua akae wapi. Yule mzee alipiga pedeli kwa mguu, akakishusha kiti hadi chini kabisa, akakifuta kwa taulo, akamwambia akae tu, yeye bado ni mtoto na hana haraka.